Vifurushi Vinne Vilivyobaki Posta

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya karakana ya mabati.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu kwa salamu za kwangu mwenyewe na za wote waliomo humu ndani. U hali gani, mdogo wangu? Lile jino limeshang'olewa, au bado unalibembeleza kwa karafuu? Na yule msimamizi wako wa kazi, amepunguza ukali au ndio kwanza anaunoa? Kila nikipiga magoti nakutaja, ingawa siku hizi magoti yenyewe yanapiga kelele kuliko mimi ninayeomba.

Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, ila masikio yake yamekuwa ya kuchagua. Ukimwambia habari za dawa hasikii, ukinong'ona sukari anaitika toka chumba cha pili. Nyumba imetulia. Tangu shemeji yako atangulie, nimeizoea sauti ya saa ya ukutani, na tumekuwa kama watu wawili wanaoishi pamoja bila kugombana.

Unayakumbuka makopo yake ya vipuri vya cherehani? Yale yaliyojaa chini ya kitanda, hata ukifagia ufagio unarudi na skrubu? Basi nimeanza kuviuza, kimoja kimoja, katika ule mnada wa kwenye simu. Usicheke. Napiga picha, naandika maelezo, watu wanapandishiana bei kwa siku kadhaa, na atakayetaja ya juu ndiye mshindi. Mwanzoni nilidhani nani atataka vyuma vya zamani. Kumbe dunia ina cherehani nyingi zinazougua, na kila moja ina mtu anayeipenda.

Tatizo likawa posta. Kila kitu kwenye mnada kina gharama yake ya kutumwa. Mtu akishinda vitu vitatu, simu inamdai posta mara tatu, hata kama vyote vitatu vinaenea kwenye kopo moja la maziwa. Hapo ndipo maombi yanapoanza: mama, vifunge pamoja unipunguzie. Mmoja alishinda pakiti mbili za sindano, akataka nimpunguzie na posta ya pakiti ya tatu ambayo hata hakuinunua. Mwingine aliniombea dua ndefu na nzuri, na mwisho wa dua kukawa na ombi la punguzo, nikashindwa kujua niseme amina au niseme hapana.

Nikaenda kwa kaka yetu, Kamishna. Unamjua, hakuna jambo asilolitungia sheria. Akaniambia, "Ukimpa mmoja shubiri, kesho watakuja kumi kuchukua pima. Kila kitu na kifurushi chake. Tena vyuma vikikaa boksi moja vinagongana njiani, vikifika vimepasuka utalia wewe." Akanitungia na jibu: samahani, kila kitu na kifurushi chake. Nikawa nalibandika kwa kila anayeuliza, kama stempu. Nilikuwa naona haya kidogo, lakini nikajipa moyo kwamba biashara si sadaka.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikuandikie.

Kuna mama mmoja mshonaji, mimi namwita Mama Sindano, alianza kushinda vitu vyangu. Mara mkanda, mara kijumba cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, mara ile taa ndogo ya kioo, hadi vikafika sita. Vyote vya mashine ya aina moja, nikajua kuna cherehani imelala wazi mahali inasubiri viungo vyake. Akaniandikia maneno machache: "Dada, naomba uviweke pamoja, utume mara moja tu." Nami nikasema moyoni, haya, na huyu naye anataka punguzo.

Lakini siku hiyo nilikuwa nimetoka ibadani, na mafundisho yalikuwa juu ya mkono uliofumbata. Nikaona haya mbele ya Mungu wangu. Nikamwandikia: mama, usilipe posta hata kidogo, yote nitaibeba mimi. Kisha, kwa kuogopa kile kioo kivunjike kama alivyosema Kamishna, nikafunga vifurushi sita, kila kimoja na kitambaa chake na kamba yake. Nilivipanga mezani nikavitazama kama mtu aliyeoka mikate. Nikampelekea posta kwa mikono yangu, na kwa kuwa havikuingia vyote katika kapu moja, nikavipeleka kwa siku mbalimbali.

Akajibu neno moja: "Ahsante." Basi. Kitinda, nilinuna. Nikasema watu hawana shukrani, umpe kwa mikono miwili akupokee kwa kidole. Mpaka Mama akaniuliza kwa nini naosha vyombo kwa hasira.

Zikapita siku. Nikatazama kwenye simu vifurushi vimefika wapi. Viwili vimechukuliwa. Vinne vimekaa posta ya mji wake, na chini yake kuna onyo: visipochukuliwa kufika mwisho wa mwezi huu, vitarudishwa vilikotoka. Nikapiga simu.

"Mimi ni yule muuzaji wa vipuri," nikamwambia.

"Ah! Yule mwenye moyo mpana. Hujambo, dada?"

"Sijambo. Naona mizigo yako bado iko posta. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Nitaifuata."

"Lini, mama?"

"Mguu ukikubali."

Ndipo alipotoa yaliyokuwa moyoni, tena nikimvuta kama uzi uliokwama. Mguu wake mmoja haukunjiki tangu utotoni, anatembea kwa gongo. Posta yao iko ghorofani, na mzigo hutolewa kwa mwenyewe tu, kwa kitambulisho na sahihi. Kifurushi cha kwanza kilipofika akapanda. Cha pili kikafika siku nyingine, akapanda tena. Alipopigiwa simu ya cha tatu, akateleza katikati ya ngazi, gongo likatangulia chini na yeye akalifuata. Hakuvunjika, Mungu ni mwema, lakini nyonga imevimba na sasa hata mlangoni kwake anafika kwa kushika ukuta.

"Dada," akaniambia kwa upole, "mimi sikuomba unipunguzie pesa. Niliomba unipunguzie ngazi."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ulishanisamehe posta yote. Ningeanzia wapi kukukosoa? Mtu akikuvisha, huanzi kuuliza kwa nini mikono ni mirefu." Halafu akacheka, na mimi nikalia.

Anashona sare za shule, Kitinda. Ndiyo riziki yake yote. Cherehani ameifungua, iko mezani vipande vipande chini ya shuka. Shule zinakaribia kufunguliwa, na wateja wameanza kuja kuchukua vitambaa vyao wapeleke kwingine. Wanachukua kwa adabu, wanamuuliza hali ya mguu kwanza, na anasema hiyo ndiyo inayomuuma zaidi. Vile vifurushi vikirudi kwangu, hata nikivifunga upya kwa dhahabu, vitamfikia sare zikiwa zimeshavaliwa.

Nikamweleza Kamishna. Akasema, "Lakini vingeweza kuingia boksi moja, ukatia vitambaa katikati."

"Ndivyo nilivyotaka, wewe ndiye uliyenikataza."

"Nilikataza bila vitambaa," akasema. Basi akaenda kuniletea boksi, sijui la nini sasa hivi. Ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Sasa, mdogo wangu. Anwani ya Mama Sindano ni ya mji huo huo wako. Nilikuwa naiandika juu ya kila kifurushi na kukuwaza, na bado sikuunganisha mambo. Na ni wewe mwenyewe uliyeniambia, ulipofuata lile blanketi nililokutumia, kwamba ngazi za posta yenu zilijengwa na mtu aliyechukia watu. Tulicheka sana siku ile.

Naomba uende kwake kwanza. Anakaa nyuma ya ile posta, nyumba yenye kibao cha mkasi. Namba yake ya simu nimeiandika kwenye karatasi ndogo humu. Atakupa barua ya idhini yenye sahihi yake na kitambulisho chake, nimeshawauliza posta wakasema watakubali. Halafu ukapande, uchukue vyote vinne kwa mara moja.

Ndani ya bahasha hii utakuta kitambaa kilichofungwa fundo. Kina skrubu moja ndogo. Niliikuta sakafuni nikifagia, na nimeilinganisha na picha, ni ya kile kijumba cha bobini. Bila hiyo hata vifurushi vyote vikifika mashine haitashona. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, skrubu haipiti kwenye simu. Bahasha inakuja kwa mkono wa dereva wa lori la mbao, yule anayefanya kazi na Kamishna.

Na ukishafika kwake, usiweke mizigo mlangoni ukakimbia. Ulipokuwa ukisoma na kukaa nasi, ni wewe uliyekuwa ukimshikia shemeji yako taa anapofunga mashine. Alisema una mkono mtulivu kuliko wangu, na mimi nilinuna wiki nzima. Kaa mkaifunge pamoja. Mara ya mwisho ulinilalamikia kwamba huko uliko jioni ni ndefu na hakuna hata wa kukuambia karibu chai. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba mama yule anacheka vizuri.

Kwa upande wangu nimelifuta lile jibu la stempu. Nimeandika kwenye kila tangazo: ukishinda zaidi ya kimoja usilipe kwanza, niandikie nikupigie hesabu moja. Na mtu akiomba viwekwe pamoja namuuliza, mwenzangu, nikusaidie nini hasa? Wengi shida yao ni pesa, nawapunguzia zile za posta zilizozidi, sifilisiki. Mmoja juzi akaniambia hapana, yeye anataka vije kimoja kimoja, mumewe asishtuke. Nimemtii, ila nimemwombea.

Msalimie jirani yako mpishi, na yule mzee fundi saa wa hapo chini kama bado yuko. Mama anakusalimu, na anasema uvae soksi. Kamishna anakusalimu kwa amri. Mungu akufungulie njia, akulinde kwenye kila ngazi, ya kupanda na ya kushuka.

Nijibu upesi, mdogo wangu, mara tu utakapotoka kwake. Hata mstari mmoja unatosha, nijue mashine imelia.

Dada yako akupendaye daima,

Mama wa Makopo