Pasi kwa Ami

Jumatatu, Firq

Na goli lilikuwa wazi! Nasri kabaki peke yake mbele, badala ya kupiga akaurudisha mpira nyuma kwa Sefu. Tukakosa.

"Kwa nini hukupiga?"

"Mwalimu, Sefu ami yangu. Vipi nitamtangulia?"

Ami mwenyewe ni mdogo kuliko yeye. Babu yake Nasri alioa tena uzeeni, akamzaa Sefu.

Ijumaa tunacheza na watoto wa Nizwa mjini, nami nina hofu. Nafundisha pasi za kwenda mbele, wao wanapasiana kwa heshima.

Basi nikawatenganisha, Nasri timu ya njano, Sefu ya buluu. Wakabane, nione.

Sefu hata hakukimbia. Alisimama tu, akasema, "Nasri, lete mpira."

Nasri akampa. Sefu akafunga.