Vidonge Vyangu na Kandambili ya Mama

Chumba cha mbele, kwenye cherehani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu nyingi, zitakazobaki ziweke akiba. Hujambo huko? Kikohozi kimeisha, au bado unakohoa kwa makusudi ili msimamizi wako wa kazi akuonee huruma? Sisi huku ni wazima, na hilo neno naomba ulisome mara mbili, maana najua mama yako alikupigia simu akilia kwamba uje haraka, wifi yako anakwenda. Siendi popote. Kaka yako ameniruhusu nikueleze yote, kwa sababu yeye akishika kalamu anatoka jasho.

Chanzo ni mteja wangu, muuguzi wa zahanati. Nilikuwa nampima kiuno cha sare yake, tunapiga soga, akaniuliza mume wangu alipima lini. Nikamjibu mume wangu ni dereva wa lori, hapimi hata maji ya injini bila kunung'unika. Hakucheka. Akanieleza kwamba vipo vidonge vya kinga, unameza kimoja kila siku, na ni vya mtu ambaye hana virusi vya UKIMWI ili aendelee kutokuwa navyo. Nikaenda, nikapimwa, nikakutwa sina, nikapewa chupa yangu.

Kaka yako sikumwambia. Unamjua. Angesema namtuhumu, au angesema mimi ndiye mwenye mtu wangu, na yote mawili angeyasema kwa sauti ya honi. Niliogopa kuvunja nyumba yangu, na niliogopa vilevile kuacha kumeza. Basi chupa nikaificha kwenye kopo la vifungo. Katika ukoo wenu hakuna aliyewahi kulifungua, kwa kuwa nyote kifungo kikikatika mnabana na pini.

Nilimsahau mama. Alikuja kututembelea, kifungo cha blauzi yake kikakatika, naye kwa mara ya kwanza maishani akaamua kukishona.

Aliiona chupa akairudisha chini ya vifungo. Unakumbuka alivyomuuguza mama mdogo hadi mwisho, kwa hiyo chupa za namna ile anazijua. Hakujua kwamba siku hizi hata asiyeumwa anaweza kupewa yake. Akaamua moyoni kwamba mimi ni mgonjwa na aliyeniambukiza ni mwanawe. Kwangu hakutamka neno. Akaanza tu kunipenda.

Wifi, kupendwa na mama yako ni kazi ya sulubu. Ndoo ya maji nikiigusa ananipokonya. Mchana kweupe ananipeleka kitandani, halafu anasimama mlangoni anawaambia wateja fundi amepumzika, kwa sauti ya msibani. Supu asubuhi, supu mchana, supu jioni. Mimi nikajisemea huyu kaota nina mimba, anamngoja mjukuu. Sikutaka kumvunja moyo, kwa hiyo kila bakuli nililimaliza. Mashavu yakaanza kunijaa. Mama ananitazama, machozi yanamlengalenga, anasema kimoyomoyo mtoto wa watu ameshaanza kuvimba.

Kisha kaka yako akarudi safari. Ameegesha lori, anashuka anapiga mluzi, mkononi amenishikia chupa mpya ya chai. Mama akavua kandambili moja akamfuata nayo mpaka barabarani.

"Umemuua mtoto wa watu!" Paa! "Ulipewa mke mzima, umemuua!" Paa!

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimwacha mteja kichwa nusu akaja kutazama, na mteja mwenyewe akamfuata na shuka lake shingoni. Kaka yako hakujua kosa lake ni lipi, basi akaanza kubahatisha. Alikiri tairi la akiba alilomwazima rafiki yake likapotea. Kandambili ikaendelea. Alikiri kwamba ile saa ya marehemu baba haikuibwa, aliiangusha chooni. Ikaendelea. Ndipo akapiga kelele, mikono kichwani: "Mama, basi! Yule mwanamke wa kwenye mizani ya malori tumeshaachana!"

Kandambili ikabaki hewani. Hata kinyozi aliangalia chini, akamshika mteja wake bega wakarudi.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka dirishani, wifi, sikufichi. Kicheko kilikatika kama uzi. Nilikuwa nahisi siku nyingi, lakini kuhisi na kusikia ni vitu viwili. Niliumia sana. Nimekaa na kaka yako miaka yote hii na sikuwahi kumtazama nikamwona mgeni, ila siku ile nilimwona.

Tuliingia ndani, nikalitoa kopo, nikawaeleza wote wawili vile vidonge ni vya nini. Mama akanishika mkono.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, mama."

Akaniangalia mashavu. "Na supu yangu yote ile?"

Kesho yake tulikwenda zahanati watatu. Kaka yako, anayebadilisha tairi la lori peke yake, alipoona kile kisindano cha kidole aliomba maji ya kunywa. Mimi nikakutwa sina. Yeye anavyo, wifi. Wakapima tena kuhakikisha, jibu likawa lilelile. Alilia kama mtoto, na mimi niliyekuwa nimeapa kutomgusa nikajikuta namfuta uso kwa leso yangu. Bado nina hasira naye, nakwambia ukweli. Analala sebuleni, na sijui atalala huko mpaka lini.

Ameanza dawa na anameza vizuri. Muuguzi ametuambia akishika dawa barabara, virusi vitapungua mpaka kipimo kisivione, na hapo hataweza kuniambukiza. Mpaka siku hiyo naendelea na vidonge vyangu, na nitarudi kupima kila nitakapoitwa. Kwa kuwa havizuii mimba wala magonjwa mengine ya zinaa, tumepewa na kondomu. Mama ndiye aliyezibeba kwenye kikapu chake, chini ya nyanya, akatembea mji mzima akiitikia salamu kwa uso mkavu. Kufika nyumbani akaziweka mezani karibu na chumvi.

Jana, tukichambua mboga, nilimwomba radhi kwa kumficha.

"Usiniombe radhi, mwanangu," akasema. "Ungeniuliza mimi kwanza, ningekukataza."

Nilishindwa kuendelea na mboga. Na hilo ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu na wewe uko mbioni kuanza maisha na huyo fundi umeme wako. Sina neno naye. Picha uliyotutumia imetufurahisha, anaonekana mtu mzuri. Kaka yako pia ni mtu mzuri. Nendeni mkapime pamoja, na akikataa nenda peke yako, uliza habari za kinga.

Nisalimie mwenzako wa chumbani na yule shangazi wa jikoni anayekuwekea ukoko. Kaka yako anakusalimu, anaona haya. Mungu akufunike, akulinde na yale unayoyaona na yale usiyoyaona.

Mama amesimama nyuma ya kiti changu, anataka na lake liandikwe kama lilivyo: "Mwambie asije akaniomba ruhusa."

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda kama tumbo moja,

Fundi wa vifungo vyenu