Sauti Kutoka Sebuleni

Cofimvaba, 3 Machi

Mama mpendwa,

Hujambo, na goti lako linaendeleaje? Sisi huku wazima, nami nina raha hata naona haya kuiandika. Hii ni wiki ya saba ya ndoa, na bado nikiitwa Nokwakha, jina walilonipa huku ukweni, nageuka kutazama ni nani huyo. Luvuyo hunipigia kila jioni kutoka mgodini Rustenburg kuniuliza nimekula nini. Mume wa kuuliza hivyo nilidhani yumo vitabuni tu.

Riwaya zile mbili ulizonifungia sandukuni nimezimaliza. Ile ya muuguzi na mwalimu wa kwaya imeniliza mara tatu. Kurasa mia tatu mwalimu anakosea, nawe unazidi kumpenda, kwa sababu unajua moyoni mwake mna nini. Baba mkwe naye ana kipindi chake: kila Jumapili saa kumi na moja, watu wa televisheni wanapatanisha ndugu waliogombana. Mimi ni makoti, mke mgeni wa nyumba, siketi sebuleni akiwepo yeye, kwa hiyo nakisikiliza kutoka jikoni nikiosha vyombo. Mtu analia, najiuliza: analia kweli, au ni kwa sababu ya kamera? Kitabuni sijiulizi hivyo, na huko ndiko kila kitu kimetungwa. Nieleze, Mama, maana sielewi.

Mwanao,
Zoleka

Mdantsane, 11 Machi

Mwanangu,

Barua imefika na dereva wa basi, imekunjamana lakini inasomeka. Goti bado linanisumbua mvua ikikaribia. Mengine yote mazuri.

Yule anayelia mbele ya kamera analia kweli, na anajua anatazamwa. Yote mawili. Siku ya harusi yako mimi nililia machozi ya kweli kabisa, huku nikichungulia kama shangazi yako ananiona. Wewe vitabu vimekudekeza. Vinakufungulia moyo wa mtu kama kabati. Wasalimu wakwe zako, na usiunguze mahindi na maharage ya watu kwa kusoma.

Mama yako

Cofimvaba, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mimi sijui nilivyo.

Leo, saa ya kipindi, nilikuwa nakamua kitambaa cha vyombo. Mtangazaji akamuuliza mwanamume mmoja kilichomleta. Akajibu: “Nina mke na binti wa miaka sita. Nyumbani kwetu hawatajwi.” Mama, ilikuwa sauti ya Luvuyo. Jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, hata kile kikohozi. Nilisimama hadi maji yakanilowesha miguu. Sebuleni hakuna aliyesema neno, si baba mkwe wala mama mkwe. Kisha mtangazaji akasema sehemu ya pili ni Jumapili ijayo.

Jioni Luvuyo alipopiga, nilimuuliza Jumapili zake huzipitishia wapi. Akaniuliza nimekula nini.

Kitabuni ningefungua ukurasa nijue anawaza nini. Kwenye televisheni ningeona uso. Mimi nina sauti tu. Kwa simu siwezi kukuambia haya, nyumba hii kila mtu anamsikia mwenzake. Tafadhali tazama Jumapili, uniambie kama ni yeye. Kama ni yeye, niambie nirudi nyumbani au nikae. Nampenda, Mama, hilo ndilo linalonichanganya zaidi.

Zoleka wako

Mdantsane, 25 Machi

Mwanangu mpenzi,

Kaa chini kwanza. Si yeye.

Nilisogeza kiti hadi karibu niingie ndani ya televisheni. Ni mkubwa kuliko Luvuyo, ana mvi masikioni, lakini sura ni hiyohiyo. Anaitwa Mkhuseli. Amesema ni mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo uliyomo. Alimpenda msichana wa ukoo wao, wa Bhele kama yeye, na baba yake akamwambia mtu haoi dada yake, akamfukuza. Miaka minane sasa. Anaomba baba amwone mtoto tu. Jumapili ya Pasaka wanamalizia.

Luvuyo anakuja Pasaka. Muulize akiwa amekaa, na safari hii usimwache akuulize chakula.

Nami usiniulize nani ana haki, maana sijui. Nilimlilia kijana, nikamlilia na baba yake.

Mama yako

Cofimvaba, 1 Aprili

Mama mpendwa,

Mimi mzima, goti lako nitaliuliza mwisho, ngoja nikueleze.

Jumapili ya sehemu ya pili baba mkwe alipunguza sauti ya televisheni, huku jikoni sikusikia kitu. Luvuyo alifika Ijumaa. Nilimuuliza kabla hajavua viatu. Jumapili zake huzipitishia kwa kaka yake, hukohuko Rustenburg. Aliapishwa na baba asilitaje jina la huyo kaka, akaona hata mimi asiniambie. Nilimkasirikia, kisha nikafurahi hakuna mwanamke, kisha nikakasirika tena. Mambo ya ukoo mmoja yananitia baridi, nami ndiye niliyekuwa nasema penzi ni penzi.

Jana saa kumi na moja mama mkwe akaja jikoni: baba ananiita sebuleni. Niliketi kwenye mkeka nyuma ya mlango, shali mabegani, macho chini, hadi niliposikia ile sauti nikayainua. Mama, ni uso wa mume wangu uliochoka.

Baba mkwe hakunitazama. Alisema, “Makoti anasoma vitabu. Hadithi kama hii huishaje?”

Nikasema, “Sijui, Baba. Huko mwandishi ndiye anayeamua.”

Akazima televisheni kabla kipindi hakijaisha. Kisha akasema yule mwanamke hataingia nyumba hii kama mke, na hilo lisiulizwe tena. Akauliza mtoto anaitwa nani.

“Nomathemba,” Luvuyo akajibu.

Hilo ni jina la mama mkwe. Akaweka birika chini polepole. “Miaka sita,” alisema. “Wa miaka sita anafika wapi?”

Luvuyo akasimama, akanyoosha kiganja hewani, chini kidogo ya mkanda wake. Baba mkwe alikuwa anapatazama pale chini ya mkono, pasipo na mtu, na Luvuyo hakuushusha.

Mwanao,
Zoleka