Kaa la Udi na Dhamana ya Gari

Bawshar, Maskati
Alkhamisi, baada ya adhuhuri

Mke wangu Mwanahawa, mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe, nawasalimu Zuhura na Athumani, na mama mpe shikamoo yangu ya magoti mawili. Kikohozi chake kimepungua? Na Athumani bado anagoma kula uji mpaka aimbiwe? Mtu wa mbali huandika kwamba yeye mzima, hofu yake ni juu ya wale aliowaacha nyumbani. Mimi mwili wangu mzima, nakula na kushiba. Lakini safari hii hofu haiko huko kwenu, iko huku kwangu, na nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nimepata barua yako. Unasema yule mwenye duka aliyekuuzia friji la kugandishia barafu za ukwaju sasa anakushawishi uongeze pesa, upate dhamana ya miaka miwili zaidi baada ya ule mwaka wa kiwandani kwisha. Unaniuliza, mimi niliyekulia gereji, kama ni jambo la maana au maneno ya biashara tu. Ungeniuliza mwaka jana ningekujibu kwa mstari mmoja na kukutania kwamba umekuwa tajiri. Sasa nivumilie, jibu langu lina mkia.

Unawajua kwa barua zangu hawa watu ninaowaendeshea gari. Bwana Said, anayefanya kazi wizarani. Mkewe, Bi Samira. Mabinti zao wawili, Shamsa wa miaka sita na Amal wa minne. Na mama yake Bwana Said, mzaliwa wa Unguja, ambaye sote tunamwita Bibi. Dhamana ya gari ilipokaribia kwisha, watu wa wakala aliyemuuzia gari walimpigia simu Bwana Said aende kulipia miaka miwili ya ziada. Akanichukua. Tukaketi mbele ya kijana mmoja mwenye tai, akatandaza karatasi zake mezani, akaeleza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa mikono. Bwana Said akanigeukia.

"Hamisi, weye ndo fundi. Nilipe, nisilipe?"

Jibu la fundi nilikuwa nalo. Gari hili zima, badilisha oili kwa wakati, hizo pesa ziweke kando, siku likiharibika zitakutengenezea. Lakini nilisema, "Lipa, bwana." Na nilisema kwa woga. Gari likifa mikononi mwa dereva, mtu wa kwanza kukodolewa macho ni dereva. Nikaona karatasi ile itakaa baina yangu na lawama. Pesa alitoa yeye, ila aliyekuwa akitafuta usalama ni mimi. Hata upande wa nyuma wa karatasi, penye herufi ndogo, sikupasoma wakati ule.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Watu hawa gari lao haliendi harusini bila kufukizwa udi. Nguo zinafukizwa, nywele zinafukizwa, na gari nalo. Kazi hiyo Bibi alikuwa akiifanya mwenyewe, halafu magoti yakamsumbua, akanifundisha mimi: kaa liive vizuri mpaka liwe na jivu, utie vipande vya udi, chetezo ukiweke juu ya sinia ya bati, sinia uiweke chini nyuma ya siti, ufunge milango dakika chache, na usiondoke hapo. Nimefanya hivyo mara nyingi, na kila mara Bibi husifu kwamba mkono wangu mwepesi.

Siku moja ya Alkhamisi, walikuwa na harusi Azaiba. Sinia imechukuliwa, imepangwa halua. Nikaona ni mambo ya dakika chache tu, nikakiweka chetezo juu ya zulia la gari hivyo hivyo. Alasiri ikaadhiniwa. Nikaenda msikitini, Mwanahawa. Niliondoka, nikaacha moto ndani ya gari la watu.

Niliporudi, chetezo kilikuwa kimelala ubavu. Kaa moja limebiringika mpaka chini ya siti ya mbele, zulia limetoboka tundu la ukubwa wa kiganja, na moshi si wa udi tena. Nikamwaga maji, nikakwangua, nikavuta mpira wa kukanyagia nikafunika. Jioni tukiwa njiani Bibi akanusa, akauliza, "Hamisi, mbona gari inanuka kama nywele zilounguzwa?" Nikamjibu kwamba udi umezidi. Akanitazama, kisha akashusha kioo cha dirisha.

Mimi ni fundi, kwa hiyo siwezi kujidanganya. Chini ya zulia lile, pembeni mwa siti, limepita fungu la nyaya. Kesho yake nilichukua bisibisi nifungue, nione kama zimeungua. Hapo ndipo nikaenda kuisoma ile karatasi upande wa nyuma. Imeandikwa kwamba mkono wa fundi asiye wa wakala ukigusa nyaya, dhamana imekufa. Na nikilipeleka gari kwa wakala, wataliona tundu. Nikairudisha bisibisi mfukoni. Kwa zaidi ya mwezi mzima nikawa nawapeleka watoto shule, Shamsa akikaa nyuma yangu, miguu yake inaning'inia juu ya mahali pale pale. Kila asubuhi nilikuwa nanusa kabla ya kuwasha. Nikisikia harufu ya vitumbua jikoni nadhani ni waya. Usiku nikilala naona gari linawaka. Nilikuwa na woga wa namna mbili, Mwanahawa, na ule wa kufukuzwa kazi ndio uliokuwa mkubwa. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa iliyopita nilimpeleka Bibi na wajukuu zake Yiti, kumjulia hali jamaa yake mmoja mgonjwa. Tukarudi mchana. Barabara ile inapanda milima na kuteremka. Tukiwa kwenye mteremko, taa zote za dashibodi zikawaka pamoja, injini ikazima. Usukani ukawa mzito, nikakanyaga breki, ikawa ngumu kama nakanyaga jiwe. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hamna kitu. Bibi akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Nikavuta breki ya mkono huku nikikanyaga kwa miguu yote miwili, nikaliegemeza gari kwenye mwamba, likajikwaruza mpaka likasimama. Moshi ukatoka chini ya siti. Nikawatoa watoto kupitia mlango wa Bibi, mmoja kila kwapa. Kiatu kimoja cha Shamsa kilikuwa kimeanza kulainika soli. Mguu haukuungua, alhamdulillahi. Mimi nilikaa chini barabarani.

Bwana Said alifika na gari la rafiki yake. Aliwakumbatia watoto, akanishukuru kwa kuwaokoa. Akanishukuru mimi. Halafu akasema, "Tulifanya jambo la maana kulipa ile dhamana. Wakala watatengeneza kila kitu." Nikaitikia kwamba ndiyo, bwana.

Jumanne wakala wakamwita. Fundi wao mkuu, Mhindi mmoja mpole, alikuwa amelifunua zulia lote. Akatuonesha jivu, tundu, na nyaya zilizoyeyuka zikashikana. Akasema kwamba dhamana inalipia kilichoharibika chenyewe, na huu ni moto uliotoka nje ukaingizwa ndani. Hawalipi hata msumari.

Basi jibu lako la friji ndilo hilo, nilitoe kabla sijasahau. Karatasi ile inasaidia kama kitu kimetoka kiwandani na ugonjwa wake, na ugonjwa huo mara nyingi hujitokeza ndani ya ule mwaka wa kwanza unaopewa bure. Ukilipa zaidi, soma nyuma, au mwambie Zuhura akusomee, ujue nani anaruhusiwa kuligusa na nini hawalipi. Mimi nasema usilipe. Nunua kifaa cha kuzuia umeme usiliunguze, lisogeze mbali na ukuta lipumue, na akiba kidogo mwekee fundi wa mtaani unayemjua kwa jina. Na likiharibika kwa mkono wako, sema siku hiyo hiyo.

Tuliporudi nyumbani Bwana Said hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliketi sebuleni, Bi Samira pembeni yake, Bibi kwenye kiti chake, mimi nimesimama mlangoni. Akauliza, "Nani alotia moto ndani ya gari yangu?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikaiona pasi yangu ya kusafiria kwenye mtoto wa meza yake, nikaiona ada ya Zuhura, nikamwona mama na kikohozi chake. Kabla sijatoa sauti, Bibi akasema, "Mimi."

"Wewe, mama?"

"Siku ile ya harusi. N'lifukiza mwenyewe, chetezo kikanponyoka. Nkaona haya kukwambia."

Bwana Said akainuka, akambusu mama yake kichwani kama wanavyofanya. Akasema taratibu, "Mama, ungetuunguzia watoto." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuswali, bwana."

Ni kweli, nilikwenda kuswali. Sijawahi kusema ukweli mchafu kama ule.

Jioni Bibi alinikuta nikimwagilia maua. Nikaanza kulia kama Athumani. Akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. N'lijua tangu siku ile njiani. Weye wakikasirika watakurejesha kwenu, na una watoto. Mimi watanirejesha wapi? Yeshapita."

Hayajapita. Jana Bi Samira aliniita. Kwa sauti ya huruma kabisa akasema, "Hamisi, yatoe magodoro ya watoto chumbani kwa Bibi, yapeleke juu. Siku hizi anasahau sana, tunaogopa." Lazima ujue kwamba watoto wale hulala kwa Bibi tangu wameacha ziwa. Ndiye anayewasomea dua, ndiye anayewahadithia mambo ya Unguja mpaka usingizi uwachukue. Nilitoa magodoro kwa mikono yangu hii. Bibi alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, akanisaidia kukunja shuka la Amal. Shamsa alisimama ngazini akauliza, "Bibi kafanya nini?" Nikampita na godoro lake begani. Chetezo kimefungiwa kabatini, mtungi wa gesi umehamishiwa nje, na Jumamosi wamemwekea miadi kwa daktari wa akili, akapimwe kama kumbukumbu zake zinaondoka. Anakwenda kupimwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na dereva wa kumpeleka ni mimi, kwa gari la kukodi.

Mficha uchi hazai, tulikuwa tukiambiwa tukiwa wadogo, na mimi nikacheka. Nimeficha tundu, nikaficha harufu, sasa nimejificha nyuma ya kanga ya bibi kizee. Nitamwambia Bwana Said leo. Anaweza kunisamehe. Anaweza pia kunipa tiketi kesho, na akiandika sababu, hakuna atakayeniajiri tena huku.

Mama usimwambie bado, kikohozi kinamtosha. Msalimie kaka yangu Juma seremala, mwambie huenda nikamwomba kazi ya kupiga randa, asicheke. Msalimie shangazi Mwanaidi anayekusaidia kuuza barafu, na mwalimu wa chuoni wa Zuhura, aniombee dua bila kumweleza kisa. Zuhura na Athumani wabusu kwa niaba yangu.

Barua hii anaichukua Shaaban kinyozi, anasafiri leo jioni kuja Tanga. Nitampa kwanza, nihakikishe ameondoka nayo, ndipo niende kumgongea Bwana Said. Najijua, Mwanahawa. Nikianza kwa Bwana Said naweza kumzungumzia habari za tairi, nikaaga na kuondoka. Barua ikishapanda ndege, utakuwa unajua wewe, na sitaweza kukutazama usoni nikiwa nimenyamaza. Ukisikia nabisha hodi kabla ya Ramadhani, nifungulie, usiulize mizigo iko wapi.

Naogopa sana. Nakwenda hivyo hivyo.

Mumeo,
Hamisi