Nimejipa Umeneja kwa Shangazi, Sasa Shule ya Biashara Inamtaka Athibitishe

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa maana maji yamenifika shingoni, hata barua hii naiandikia kwenye stoo ya vitambaa, nimekalia jora la kitambaa ili mtu asinione.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na miwili, namaliza shahada ya kwanza mwaka huu, wenzangu wanahangaika na kazi lakini mimi nikasema naunganisha moja kwa moja shule ya biashara nikachukue ya pili, maana nikishazoea ajira najijua sitarudi darasani, na shule niliyoiomba hupokea wachache sana ambao hawajawahi kuajiriwa, lakini fomu yao, mshauri, ina ukurasa mzima unaouliza umeongoza watu gani na ulikosea nini, sasa mtu aliyetoka darasani jana kamwongoza nani?

Nikapiga chuku. Shangazi aliyenilea ana chumba cha ushonaji chenye cherehani nne na mafundi wawili, na mimi kila likizo nipo pale nashona vifungo na kupiga pasi, basi nikaandika kwamba mimi ni Meneja Mkuu wa Ukamilishaji wa Bidhaa, nina timu ya watu watano, yaani mafundi wawili, shangazi mwenyewe, yule anayekuja kurekebisha cherehani, na mteja mmoja anayependa kukaa kwetu kupiga soga. Kwenye kosa nikaandika kwamba huwa nafanya kazi kwa bidii kupita kiasi.

Sikujua kwamba shule itamwandikia msimamizi wangu. Shangazi alivaa miwani akaisoma fomu yao kwa sauti mbele ya mafundi, akafika kwenye cheo changu akanitazama: "Meneja Mkuu? Kwani mimi nimestaafu lini?" Mafundi walicheka mpaka mmoja akajidunga sindano, na tangu siku hiyo ni "Bosi, lete pasi," "Bosi, fagia huku." Shangazi yeye hakucheka. Alisema tu, "Mwanangu, nitaandika ninachokijua," akaifungia fomu kwenye droo ya mikasi, na shule inaitaka Ijumaa.

Na anachokijua ndicho kinachoninyima usingizi. Mwaka jana alilazwa wiki nzima akaniachia kazi, nikaenda kuwapima wanakwaya thelathini na wawili kwa futi yake ya utepe, kumbe ile futi ilishakatika inchi mbili za mwanzo, na yeye hutoa inchi mbili kichwani bila kumwambia mtu, mafundi wakakata kwa futi zao nzima, majoho yote yakatoka makubwa, wanakwaya wakayavaa hakuna aliyeonekana vidole. Ikabidi niende mazoezini kwao, nisimame mbele yao wote niseme kosa ni langu, kisha nikagawa kazi, fundi mmoja mikono, mwingine mapindo, mimi kufumua, na siku ya tatu majoho yote yakawa sawa, lakini aibu ile sitaisahau na ndiyo maana sikuigusa kwenye fomu.

Sasa sahihi ya shangazi naijua, ni mistari miwili na nukta, na fomu nyingine naweza kuichapisha. Niijaze mwenyewe, au nijitoe kabisa? Nikikosa nafasi hii sijui nitaanzia wapi.

Bosi wa Vifungo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Bosi. Nimecheka, nimemaliza, sasa nikuseme.

Hivi wewe binti, wamekuuliza uliongoza nani na ulikosea nini, jibu unalo limekaa mkononi, ukalificha ukaandika upuuzi wa bidii kupita kiasi? Hao wasomaji wa fomu wameshausoma huo mara elfu. Msichana aliyekwenda kusimama mbele ya kwaya nzima akasema "kosa ni langu," kisha akapanga watu wawili waliomzidi umri na kazi ikaisha kwa siku tatu, huyo hawajamwona. Umewapelekea meneja wa kubuni ukamwacha wa kweli stoo.

Hofu yako naielewa. Kutoka darasani kwenda darasani kunaonekana salama kuliko kugonga milango ya waajiri, na si dhambi kutaka kusoma. Lakini kughushi sahihi ya mwanamke aliyekulea? Hapo hapana, na sitakubembeleza. Hata ukipokelewa, kila simu itakayolia ofisini kwao utaruka.

Leo hii, kabla hajafungua hiyo droo, mwendee shangazi. Usijitetee wala usimvishe kilemba cha ukoka. Mwambie ulichoandika na kwa nini, kisha mwache aandike anachokijua. Nadhani anakijua vizuri kuliko wewe, maana mtu hatoki hospitali akute majoho thelathini na mawili yamerekebishwa asijue nani kayasimamia. Akiandika kwamba hujaiva, msikilize, tafuta kazi mwaka mmoja au miwili, uombe tena. Shule hiyo ina milango, haina miguu.

Kisha iandikie shule. Waambie cheo ulijipa, timu uliijaza, na hii ndiyo habari yenyewe. Wanaweza kukukataa, nakwambia wazi. Iandike hata hivyo, uipeleke kabla ya Ijumaa, na chini yake weka sahihi. Yako.