Saini ya Siku ya Vunja Jungu

Jumatatu, 11 Mei
Kamati ya Baraza la Wawakilishi tena. Mkopo mwingine, safari hii wa soko la kisasa. Nikauliza ule wa mwanzo umezaa nini. Jibu: mchakato unaendelea. Nshachoka na neno mchakato. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yenyewe watayakaa wajukuu zetu. Wawakilishi wenzangu wananiona bakhili. Na wanione.

Jumanne, 12 Mei
Watu wa manispaa wamemfungia biashara Bi Mwanahawa. Jirani yangu hapa Mpendae, mjane, anakaanga bajia barazani kwake tokea mimi niko skuli. Wajukuu watatu anawalea kwa bajia hizo. Kanuni mpya inataka jiko la vigae, masinki mawili na vibali vya ofisi tatu. Kwa bajia. Hajapata kumuumiza mtu tumbo. Nimeapa mbele ya mtaa mzima: Mwakilishi yeyote aliyepitisha kanuni hii nitamleta hapa, amjibu huyu mama uso kwa uso.

Jumatano, 13 Mei
Ofisi ya kwanza imenipeleka ya pili. Ya pili imenirudisha ya kwanza. Ya tatu, mkubwa yuko semina. Wa kufunga wamejaa tele, wa kufungua hakuna hata mmoja. Presha imepanda.

Alhamisi, 14 Mei
Nimenguruma kikaoni. Nimesema watu wanatia saini wasiyoyasoma, kisha anaumia mnyonge. Makofi. Waziri aliyeileta kanuni hakubishana. Kasema tu ataniletea nakala ya kanuni nijionee majina. Upole wake umenikera kuliko matusi.

Ijumaa, 15 Mei
Nakala imefika baada ya sala. Ukurasa wa mwisho, majina ya wanakamati walioipitisha. La pili langu. Saini yangu. Siku ya mwisho ya Shaabani.

Nakumbuka. Vunja jungu. Mke wangu keshapakia masufuria garini, watoto wananipigia simu, tunakwenda Fumba tukale tushibe kabla ya mfungo. Kamati nzima roho ziko kwenye pilau. Nilisaini nimesimama, ufunguo wa gari mkononi. Sikusoma hata kichwa cha waraka. Hakunilazimisha mtu. Mpumbavu mimi.

Mke wangu anasema si lazima Bi Mwanahawa ajue. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Jumamosi, 16 Mei
Nimekwenda asubuhi. Amekaa barazani, karai limefunikwa. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia niliyeapa kumleta ni mimi mwenyewe. Saini ni yangu, sikusoma. Nitapeleka hoja ifutwe, lakini itachukua miezi.

Hakunitukana. Kauliza tu wajukuu watakula nini miezi hiyo. Nikatoa noti, akanirudishia kiganjani, akanifumba vidole.

Tokea nazaliwa ananiita mwanangu. Nilipoinuka akasema, "Haya, Mheshimiwa. Ahsante kwa kuja."