Baba Mkwe Ananipimia Magurudumu kwa Uzi, Naogopa Kuendesha

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla halijatokea la kutokea, nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya zahanati ninapofanya kazi ya ukunga, zamu yangu imekwisha, injini imezimwa, na sitaki kuiwasha.

Miaka mitatu iliyopita mume wangu alilitoa gari letu la zamani gereji baada ya kubadilishiwa tairi, na hakufika mbali, gurudumu la mbele likachomoka, gari likapinduka, akafa palepale, na baadaye yule fundi alikiri mwenyewe kwamba alikuwa anakaza nati, simu ikaita, aliporudi akaendelea na gari lingine. Tangu siku hiyo baba mkwe wangu, ambaye amestaafu kazi ya kurekebisha mashine za kiwandani na anaishi na mimi na binti yangu wa miaka saba, aliapa kwamba hakuna gereji itakayogusa magurudumu ya gari linalompakia mjukuu wake. Nilipopata gari hili alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mambo ya magurudumu niachie mimi. Sitazika mara mbili."

Basi kila baada ya miezi kadhaa anafanya alaimenti mwenyewe pale uani, anayanyoosha magurudumu ya mbele yatazame njia moja, anafunga uzi kwenye matofali pande zote mbili za gari, anapima kwa futi kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu, analala chini, analegeza nati, anazungusha ile fimbo inayosukuma gurudumu, anakaza, anapima tena, kisha anapaka mstari mnene wa rangi juu ya nati ili ajue ikisogea. Sikudanganyi, mwanzoni gari lilikwenda kama jipya, nikawa najisifu kazini kwamba fundi wangu niko naye nyumbani.

Lakini sasa macho yake yameanza kumwacha, naye hasemi. Mwezi uliopita nilimpelekea chai uani nikamkuta amechuchumaa kando ya tairi, anapapasa futi kwa ukucha wa kidole gumba, kumbe ameikwaruza alama kwa msumari kwa sababu tarakimu hazioni tena. Nikamwambia, "Baba, nikusomee?" Akanijibu kwa ukali ambao hajawahi kunionyesha, "Mimi bado sijafa." Nikaiweka chai chini nikaondoka, na tangu siku ile gari linavuta kushoto, nikishuka mlima wa kuja huku usukani unatikisika mpaka meno yanagongana, na Jumatatu binti yangu, aliyekuwa kiti cha nyuma, akaniuliza, "Mama, mbona unalia na hatujagonga kitu?"

Jumanne nikaenda gereji kwa siri. Nilisimama mlangoni karibu nusu saa, kila spana ikianguka nashtuka, mpaka fundi mmoja wa makamo akaja kunipokea, akaliinua gari, akaniita nione mwenyewe, akaizungusha nati ya kushoto kwa vidole viwili tu, akasema, "Dada, nani aliikaza hii? Ikiendelea kulegea hivi, gurudumu litakwenda linakotaka lenyewe." Akanyoosha, akakaza, nikarudi nyumbani gari limetulia kabisa.

Jana asubuhi nikatoka nje nikaukuta uzi umefungwa, miguu ya baba imechomoza chini ya gari. Alikuwa amepapasa nati akagundua mstari wake wa rangi umekatika. Hakunigombeza, hakuniuliza nilikwenda wapi, alijifuta mikono akasema, "Kuna mtu amegusa. Nimerudisha nilivyopima mimi." Nami nikamjibu nini? "Asante, baba." Nikampakia mtoto, nikaendesha.

Nikimwambia ukweli nitamvunja mzee ambaye amebakiwa na sisi wawili tu, nisipomwambia kila kona naiona kama kaburi, na gereji nazo naziogopa vilevile, maana mume wangu aliziamini. Nifanyeje?

Mkunga mwenye hofu

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, mama. Msiba wako ni mzito, na hofu yako si ya kijinga.

Sasa nikugombeze, maana namba uliniachia, na nilipokupigia Jumamosi uliniambia bado unaliendesha. Mkunga mzima! Mjamzito akikujia anavuja damu, unamrudisha nyumbani asije akamuudhi mama mkwe wake? Umeiona nati ikizunguka kwa vidole, kisha ukasema asante ukamfunga mtoto mkanda. Heshima gani hiyo? Mzee huyo anakubali kufedheheka mara mia kuliko kumzika mjukuu, lakini wewe hukumpa nafasi ya kuchagua.

Kuhusu uzi na gereji, usinichanganyie mambo. Uzi na futi vinapima vizuri mikononi mwa mtu anayeona. Mashine ya gereji nayo inapima vizuri. Kilichomuua mumeo ni nati ambayo hakuna mtu wa pili aliyeikagua. Kwa hiyo, popote kazi ya gurudumu itakapofanyika, mtu wa pili akague kwa spana kabla gari halijaondoka, na ukiendesha siku moja au mbili, nati zikaguliwe tena. Fundi akichukia kukaguliwa, huyo si wako.

Kwenye simu nilikwambia pia uongee na baba mchana, mtoto akiwa shuleni, uanze na ile nati na si macho yake. Jioni hii ujumbe wako umenifikia. Unasema ulimweleza yote, naye akauliza, "Na mtoto alikuwa ndani?" Ukasema ndiyo. Akaingia chumbani akajifungia. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kazi, akakuuliza hiyo gereji iko wapi. Sasa unataka kujua kama umpeleke, au usubiri kwanza atulie.

Mpeleke kesho asubuhi. Gari msiliendeshe, fundi aje alivute. Usimweke baba mkwe kwenye benchi la wateja kama mgeni. Mwambie fundi huyu ni mtu wa vyuma, amwonyeshe kila anachofanya. Kazi ikiisha, yeye ndiye awe mtu wa pili, apite nati moja baada ya nyingine kwa spana mkononi mwake, wewe ukiangalia. Kisha mwandikishe kwa daktari wa macho wiki hii hii, na umwambie wazi kwamba unampeleka. Huenda yakatibika, huenda yasitibike, lakini kujificha kumekwisha.

Na siku utakayoendesha tena, ukihisi usukani umetikisika hata kidogo, simama kando ya barabara, mteremshe mtoto, mtembee.